Kiunzi Kwanza: Kurekebisha na Kuimarisha Chombo Kikubwa cha Anga cha Matofali ya Plastiki

Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, chombo changu cha anga kilikuwa juu ya kabati sebuleni, na kwa siku kadhaa zilizofuata ardhi ya Goma iliendelea kutikisika, mara kwa kishindo, mara kwa mtetemo mdogo ambao mtu aliuona kwanza kwenye maji ya ndoo. Tarehe 27 kata yetu ilikuwa miongoni mwa zile zilizoamriwa kuhama, tukaondoka na godoro, sufuria na nyaraka, chombo kikabaki. Tuliporudi nilikikuta bado kimekaa mahali pake, lakini omo yake, ile theluthi ya mbele iliyochongoka, ilikuwa imekatika na kulala sakafuni vipande vipande. Nilipochuchumaa kuokota, niligundua jambo ambalo limeongoza kila nilichojenga tangu siku hiyo: hakuna tofali hata moja lililovunjika. Matofali yote yalikuwa mazima. Vilivyoshindwa ni viungo, tena vilevile vichache ambavyo uzito wote wa mbele ulikuwa ukipitia.

Mwongozo huu nauandikia mtu mzima mwenye chombo kikubwa cha matofali ya LEGO, kiwe kimetoka kwenye seti au kimebuniwa na mwenyewe, ambaye anataka kukibadilisha, kukifanya kisining'inie mbele, na kukifanya kihimili mtetemo, kubebwa na kukaa miaka mingi juu ya meza. Wengi wetu hapa tunapata vipande kwa shida, kupitia ndugu anayesafiri, kwa hiyo siwezi kumshauri mtu ajaze tumbo la chombo chake kwa matofali elfu moja. Kwa bahati njema hakuna haja. Chombo hakiwi imara kwa wingi wa matofali, bali kwa uzito kupewa njia iliyo wazi kutoka kwenye ncha ya omo hadi kwenye stendi, na kila kiungo kilichomo njiani kufungwa kwa namna ambayo hakiwezi kufunguka.

Kabla ya kufungua chochote ni lazima kuelewa matofali haya hushikana vipi. Kutoka katikati ya kinundu kimoja, yaani kile kitufe cha juu ya tofali, hadi katikati ya kinachofuata ni milimita 8. Tofali la kawaida lina kimo cha milimita 9.6, bila kuhesabu vinundu, na bamba jembamba lina milimita 3.2, yaani mabamba matatu hulingana na tofali moja. Umbo hili la vinundu juu na mirija chini liliombewa hataza nchini Denmark tarehe 28 Januari 1958, na hadi leo tofali la zama hizo hushikana na tofali jipya. Kinachoyashika ni msuguano tu: kinundu hujibana kati ya mrija na ukuta wa tofali la juu. Msuguano huo una nguvu sana dhidi ya kusukumwa kwa ubavu, una nguvu kiasi dhidi ya kuvutwa wima, na ni dhaifu kabisa dhidi ya kubanduliwa kuanzia pembeni, jinsi unavyobandua ukoko wa wali kwenye sufuria. Omo inayoning'inia hufanya hasa kazi hiyo ya kubandua. Uzito wa mbele huvuta chini, tabaka za juu za mkuku, yaani uti wa mgongo wa chombo, huachana kidogo kidogo, kinundu baada ya kinundu, mpaka siku mtikisiko mmoja unapomalizia kazi iliyoanza miezi mingi nyuma.

Pini, yaani kijiti kifupi cha plastiki kinachochomekwa kwenye matundu, hufanya kazi tofauti. Ikishaingia kwenye tundu la tofali lenye matundu au la boriti, yaani kipande chembamba chenye matundu na kisicho na vinundu, uzito ukija kwa kuikata upande, haiachii mpaka plastiki yenyewe ishindwe. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: vinundu vipange umbo, pini zibebe uzito. Kanuni ya pili ni kwamba pini moja ni bawaba na pini mbili ni kiungo. Boriti iliyofungwa kwa pini moja kila upande itazunguka, hata kama pini ni zile nyeusi zenye msuguano. Zile za kijivu zinazozunguka kwa ulegevu zisitumike kabisa katika kiunzi. Weka pini mbili, zikiwa mbali kadiri nafasi inavyoruhusu.

Sasa chunguza chombo chako kabla ya kukitibu. Mimi hutumia uzi wa mwashi, ule wanaonyoosha mafundi wanapopanga mawe ya lava ya msingi. Funga uzi kutoka juu ya tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, hadi juu ya ncha ya omo, uuvute ukaze, kisha pima kwa rula umbali kati ya uzi na mgongo wa chombo kila baada ya sentimita 10, na uandike namba hizo kwenye daftari pamoja na tarehe. Kama mgongo ulibuniwa ukiwa umenyooka, namba zote zingepaswa kulingana; pale zinapoanza kubadilika ghafla ndipo penye ugonjwa. Halafu shika stendi kwa mkono mmoja, na kwa kidole cha mkono mwingine gusa omo kwa upole, usikilize. Chombo kilichofungwa vizuri hutikisika mara moja na kutulia. Kilicholegea hucheza mara kadhaa na hutoa mlio mdogo wa kukwaruzana, na ukiweka kidole cha pili juu ya viungo kimoja baada ya kingine utaupata ule unaolia.

Mara nyingi utakuta ugonjwa uko sehemu tatu: mahali mkuku unapokutana na stendi, mahali vipande viwili virefu vya mkuku vimeunganishwa kichwa kwa kichwa, na mahali gamba la nje limening'inizwa kwenye bawaba. Nitakaa zaidi kwenye mkuku, kwa sababu ukiupata mkuku mengine hurahisika.

Mabaharia wa Kiswahili wametuachia majina yanayofaa sana kazi hii. Mkuku ni uti wa mgongo wa chombo, unaoanzia tezi hadi omo. Mataruma ni mbavu zinazotoka kwenye mkuku kwenda pande zote mbili. Gamba ni ngozi ya nje tunayoiona. Kosa la wajenzi wengi, nami nilikuwa mmoja wao, ni kuacha gamba libebe mzigo wa mkuku. Gamba libebe uzito wake lenyewe tu, na hata huo liukabidhi kwa mataruma haraka iwezekanavyo.

Mkuku imara hujengwa hivi. Chukua tofali lenye matundu, kwa mfano lile refu la vinundu 16 ambalo lina matundu 15 ubavuni. Juu yake weka tabaka mbili za mabamba, si moja wala tatu. Juu ya mabamba weka tofali jingine lenye matundu, matundu yakiwa sambamba na yale ya chini. Sasa hesabu: kimo cha tofali ni milimita 9.6, mabamba mawili ni milimita 6.4, jumla ni milimita 16 kamili, yaani mara mbili ya milimita 8. Tundu la juu limesimama umbali wa hatua mbili kamili kutoka tundu la chini, na boriti yenye matundu matatu, ikisimamishwa wima ubavuni, hufunika yote mawili bila kulazimishwa. Ingiza pini moja juu na moja chini. Tabaka zile mbili zimefungwa kufuli. Hata ukivuta kwa mikono miwili vinundu haviwezi kuachana, kwa sababu sasa boriti ndiyo inayoshika na vinundu vinaelekeza tu. Ukiweka matofali yenye matundu moja kwa moja juu ya mengine, umbali unakuwa milimita 9.6 na boriti haiingii. Ukiweka bamba moja unakuwa milimita 12.8, nayo pia haiingii. Watu hulazimisha, plastiki hugeuka nyeupe pale inapopinda, na baada ya miezi hupasuka. Kipande kinachoingia kwa kupinda kitoe, hata kama kimeingia.

Weka kufuli kama hilo kila baada ya vinundu vinane hivi katika mwili, na kila baada ya vinne karibu na stendi, pande zote mbili za mkuku. Kwa mkuku wa sentimita 80 hii ni takriban boriti fupi 30 na pini zisizozidi 60, mzigo unaoingia katika mfuko wa shati wa ndugu yeyote anayetoka Ulaya.

Kwa nini kufuli hizi zina maana kubwa hivyo? Chukua daftari la kurasa 100, ulishike mwisho mmoja, uache mwingine ukae hewani. Linainama, na ukitazama ukingo wake utaona kurasa zimeteleza juu ya nyingine. Sasa libane kwa vibanio vitatu vikali ukingoni. Linakuwa kama ubao. Hukuongeza karatasi hata moja, ulizuia tu kuteleza. Mkuku wa tabaka nyingi zisizofungwa ni lile daftari la kwanza. Na tabaka zikishafanya kazi kama kitu kimoja, ugumu wa mhimili dhidi ya kuinama hukua kwa kimo chake mara tatu kwa kuzidishana: ukiongeza kimo maradufu, unapata ugumu mara nane, ilhali ukiongeza upana maradufu unapata mara mbili tu. Ndiyo sababu seremala husimamisha ubao wa kenchi kwa ukingo wake badala ya kuulaza. Kwa hiyo ukiwa na vipande vichache, jenga mkuku mrefu kwenda juu na mwembamba kwa upana, kadiri gamba la chombo linavyoruhusu.

Viungo vya matofali marefu visikutane mahali pamoja. Mwashi yeyote wa Goma atakuambia kwamba kiungo juu ya kiungo ni ufa uliopangwa. Kama tofali la chini linaishia kwenye kinundu cha 16, la juu lianze kwenye cha 9 na liishie cha 24, na mabamba ya kati yafunike viungo vyote viwili. Mahali ambapo huna budi viungo viwili vikaribiane, weka boriti ya matundu 15 kwa ulalo ubavuni, ikiwa na pini nne, mbili kila upande wa ufa.

Baada ya mkuku kufungwa, upe mshazari. Mafundi wetu wakitaka kona ya nyumba iwe mraba hupima mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, na kama kona ni sawa uzi wa mshazari utakuwa mita 5. Matofali yetu yanaikubali hesabu hiyohiyo bila kuachana hata kwa nywele. Kumbuka tu kwamba boriti huhesabiwa kwa matundu, na hatua kati ya matundu ni pungufu kwa moja: boriti ya matundu 7 ina hatua 6, ya matundu 9 ina hatua 8, ya matundu 11 ina hatua 10. Pembetatu ya 6, 8 na 10 ni ileile ya 3, 4 na 5 iliyokuzwa. Sasa tazama inavyoingia kwenye mkuku wetu: panda ngazi tatu za milimita 16, upate milimita 48, ambazo ni hatua 6, tembea mbele hatua 8, kisha boriti ya matundu 11 itaunganisha tundu la chini nyuma na tundu la juu mbele, pini zikiingia bila kusukumwa. Fremu ya mstatili ikisukumwa hulala upande kama sanduku la katoni lililotolewa mfuniko. Pembetatu haina namna ya kulala. Mishazari miwili tu, mmoja kila upande, karibu na pale mkuku unapotoka kwenye stendi kwenda mbele, ilipunguza mchezo wa chombo changu kuliko vipande vingine vyote nilivyowahi kuongeza.

Baada ya hapo njoo kwenye omo. Vyombo vilivyochongoka kama kabari ndivyo vinavyosumbua zaidi, kwa sababu ni virefu: seti namba 75252 ya mwaka 2019, yenye vipande 4,784, ina urefu wa takriban sentimita 110. Uzito wa gramu 100 ulio sentimita 50 mbele ya stendi hulemea kiungo cha stendi sawasawa na gramu 500 zilizo sentimita 10. Kwa hiyo kabla ya kuimarisha omo, ipunguze uzito. Ndani yake, ambako hakuna anayeona, toa matofali kamili na uweke mabamba yaliyosimamiwa na nguzo chache, acha utupu, na urudishe nyuma chochote kisicho na kazi mbele. Wapo wanaoongeza uzito kwenye tezi ili kusawazisha. Hilo huzuia chombo kisipinduke, lakini haliupunguzii mkuku wa mbele hata gramu moja, na linaongeza mzigo juu ya stendi, mimi silipendekezi. Afadhali usogeze stendi mbele. Ili kujua pa kuiweka, laza fimbo ya ufagio juu ya meza, weka chombo juu yake kikiwa kimekingwa na kitambaa, ukiviringishe polepole mpaka kisimame bila kuegemea upande, na uweke alama pale. Mguu wa mbele wa stendi uwe mbele ya alama hiyo na wa nyuma uwe nyuma yake.

Magamba ya vyombo vya namna hii ni mabamba makubwa yaliyolazwa kwa pembe, na hushikwa kwa bawaba upande mmoja. Seti ya zamani ya kabari, namba 10030 ya mwaka 2002, yenye vipande 3,096, iliyashikilia magamba yake kwa sumaku. Kwa chombo cha kukaa kabatini njia hiyo ina uzuri wake, kwa maana unaweza kulitoa gamba na kulirudisha bila kubomoa. Lakini kwa mji unaotikisika nataka gamba lishikwe mahali patatu ambapo hapako kwenye mstari mmoja: bawaba mbili ukingoni, na nguzo moja inayotoka kwenye taruma hadi katikati ya gamba kwa ndani, ikiishia kwenye kibanio kinachoshika kijiti. Kibanio huruhusu pembe iwe yoyote, kwa hiyo huhitaji kupiga hesabu ya mwinuko. Bawaba ziwe zile zenye meno, ambazo hulia zikizunguka na kutulia kwenye pembe fulani. Zile laini zinazotegemea msuguano huchoka. Na gamba lenyewe liwe na tabaka mbili za mabamba zinazopishana viungo, kwa sababu la tabaka moja litajikunja lenyewe hata likishikwa vizuri.

Kuhusu gundi, msimamo wangu ni kwamba haina nafasi katika kiunzi. Chombo kilichogundishwa hakirekebishiki, na kipande kilichogundishwa vibaya kimepotea, jambo ambalo katika mji wetu ni hasara ya miezi. Gundi kali za papo hapo huacha ukungu mweupe kwenye plastiki, na asetoni, ambayo wengine huitumia kusafisha makosa hayo, huyeyusha plastiki hii ya ABS. Kiungo kinachoonekana kudai gundi kwa kawaida kinadai pini.

Sasa mabadiliko yenyewe, yale yanayotufurahisha: chumba cha rubani kilicho na viti, injini zenye mwanga, mistari ya rangi ubavuni, mlango wa kupakia mizigo unaofunguka. Sheria ni moja, kwamba usitoe kipande mpaka umejua kinabeba nini. Shika kipande, bonyeza omo kwa kidole, na kama unahisi kipande kinakazwa au kinalegea mkononi, basi uzito unapita hapo. Jenga njia mbadala kwanza, ndipo ukitoe. Chumba cha ndani kiwekwe ubavuni mwa mkuku, si mahali pa mkuku. Nimewahi kuona chombo kizuri mno ambacho mwenyewe alikata mkuku ili sebule ya mabaharia ikae katikati, na kwa miezi miwili kilisimama. Alilazimika kukijenga upya chote. Kama huna budi kupitisha kitu katikati, gawa mkuku uwe miwili inayopita kushoto na kulia, iliyounganishwa kwa mataruma mbele na nyuma ya chumba, kwa mishazari ya pande zote.

Taa ni jambo jepesi. Tumia zile ndogo za LED zenye nyaya nyembamba kama uzi, pitisha waya kati ya vinundu, usiubane kamwe chini ya kinundu chenyewe, na uache sentimita kadhaa za ziada zikiwa zimekunjwa ndani ili gamba liweze kufunguliwa. Umeme wetu ukikatika, betri ndogo ya kuchajia simu huziwasha kwa saa nyingi. Iweke ndani ya stendi, si ndani ya chombo.

Rangi za vipande vya ndani hazina umuhimu. Mkuku wangu una nyekundu, manjano, buluu na kijani, na hilo limenisaidia kwa njia ambayo sikuitarajia: kila ngazi ina rangi yake, nikifungua ninajua papo hapo niko wapi. Lakini vipande vya zamani vya rangi ya kahawia iliyoelekea wekundu, pamoja na vile vya wekundu wa damu ya mzee, visiingie mahali penye mzigo, kwa kuwa vinajulikana kwa kukatika ghafla. Vilevile matofali ya kuiga, ambayo hupatikana kwa bei nafuu, yapimwe kwanza: panga kumi kwa kusimamisha, panga kumi ya asili kando, na uweke rula juu ya safu zote mbili. Tofauti ndogo ya kila tofali hujumlika, na katika mkuku wa sentimita 80 hujumlika hadi boriti zikakataa kuingia. Yakishindwa kipimo hicho hayana budi kuishia kwenye gamba au kwenye stendi.

Kwa kupata vipande, panga mapema. Mimi huchora kwanza kiunzi kwenye kompyuta kwa programu ya Studio, inayotolewa bure na soko la BrickLink, nayo hunipa orodha ya kila kipande na idadi yake. Orodha hiyo huenda kwa shemeji yangu aliye Brussels, naye huniletea anaposafiri, vikiwa ndani ya soksi kwenye sanduku lake. Kwa sababu safari ni moja au mbili kwa mwaka, naongeza kila mara moja ya kumi juu ya idadi, hasa pini na boriti za matundu 3, 7 na 11. Hazitabaki bila kazi.

Stendi nzuri inatengenezwa hapa hapa. Nilimpelekea seremala mmoja wa Katindo vipimo vyangu, akaangalia karatasi, akanitazama, akauliza, "Papa, meza hii ni ya nini, mbona ina miguu kama ya mbuzi?" Nilipomwonyesha chombo kwenye simu alitulia, akauliza kina kilo ngapi, kisha akabadilisha mchoro wangu kwa haki kabisa: akaitanua miguu kwenda nje na kuweka ubao wa kuiunganisha chini. Alitumia mbao ya libuyu iliyokauka vizuri. Mbao mbichi ya mkaratusi hujipinda na kuupinda mkuku pamoja nayo. Juu ya stendi chombo hukaa kwenye vitako viwili vilivyochongwa kufuata umbo la mkuku, na kila kitako kimefunikwa mpira wa ndani wa tairi la pikipiki, ambao huzuia kuteleza na kumeza mtetemo. Chini ya miguu nimeweka mpira huohuo kwa tabaka mbili. Mkuku wenyewe umefungwa kwenye kitako kwa mkanda mwembamba wa kitambaa, unaoonekana kidogo sana, na huo mkanda ndio utakaokizuia chombo kisiruke siku ardhi itakapovuta ghafla upande mmoja. Rafu iwe ya chini, kimo cha goti hadi kiuno, iliyopigiliwa ukutani, yenye ukingo wa sentimita 5 mbele. Isiwe mbele ya dirisha, kwa kuwa jua hugeuza vipande vyeupe na vya kijivu kuwa vya manjano, na plastiki iliyopata joto huku imebeba mzigo hujikunja taratibu na hairudi.

Vumbi letu ni jeusi na lina makali ya jiwe. Ukilifuta kwa kitambaa kikavu litachora mikwaruzo kwenye kila bamba laini. Lipulize au liondoe kwa brashi laini ya rangi, na sehemu zilizochafuka sana zifungue uzioshe kwa sabuni laini katika maji yasiyozidi nyuzi 40, kisha uziache zikauke kivulini.

Ukitaka kukihamisha chombo, usikihamishe kikiwa kizima. Panga tangu mwanzo kigawanyike sehemu tatu au nne, kila mpaka ukiwa na pini ndefu nne zinazochomolewa, mbili juu na mbili chini, na ziwe za rangi moja ambayo haimo popote pengine katika chombo ili usibahatishe. Mpaka usiwe kwenye kiungo cha stendi wala katikati ya mshazari. Kila sehemu iingie kwenye katoni yake, ikizungukwa na sponji ya godoro iliyokatwa kwa umbo lake. Kwa namna hiyo chombo changu kimepanda pikipiki kutoka mtaa hadi mtaa juu ya mawe ya lava, na kimevuka Ziwa Kivu hadi Bukavu na kurudi katika boti ya usiku, na kazi ya kukisimamisha upya kila upande ilikuwa ya dakika zisizofika 20.

Baada ya kumaliza kila kitu rudisha uzi. Pima sehemu zilezile, uandike pembeni mwa namba za kwanza. Omo yangu ilikuwa imeshuka milimita 11 kabla ya kuijenga upya kiunzi. Baada ya kufuli, mishazari na kupunguza uzito ilibaki milimita 2, na baada ya mwaka ilikuwa 3. Pima tena baada ya wiki moja, kwa kuwa vinundu hutulia, kisha kila miezi mitatu, na kila mara ardhi inapotikisika kiasi cha kulia kwa vyombo vya jikoni. Namba ikiongezeka kwa zaidi ya milimita 2 kati ya vipimo viwili, usikisukume chombo juu kwa mkono ili kinyooke. Fungua gamba la upande huo, gusa pini moja baada ya nyingine kuanzia kwenye stendi kwenda mbele, na ile iliyojitokeza nje ya tundu lake, hata kwa unene wa kucha, itoe na uweke mpya.